Usono si usingizi: kumsoma Mwana Kupona kando ya kitanda

Nianze kwa kukiri kosa, maana makala haya yamezaliwa nalo. Nilimfasiria bibi yangu vibaya.

Alikuwa amelazwa hospitali moja mjini Mombasa, saratani imeshafika kwenye ini. Bibi alizaliwa Pate, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao. Sisi wajukuu tuliokulia Mombasa tulikielewa nusu, nusu nyingine tukibahatisha. Daktari alikuwa kijana wa bara, Kiingereza chake kimenyooka, Kiswahili chake cha darasani. Katikati yao nimekaa mimi na shahada yangu ya fasihi, nikijiona daraja. Daktari akauliza usiku unakwendaje. Bibi akajibu kwamba hana usono. Nikamgeukia daktari: hapati usingizi. Naye akaandika dawa ya usingizi.

Siku tatu Bibi akalala kama gogo, na kila akiamka uso ulikuwa ule ule.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lile sikulifanya kwa kutojua. Daktari alisema hakuna tiba iliyobaki, na kuanzia hapo kazi itakuwa kutuliza maumivu. Nikamwambia Bibi, "Daktari anasema watakutuliza maumivu." Nusu ya kwanza ya maneno nikaimeza. Nilijiambia sijasema uongo, nimepunguza tu. Wangapi kati yetu tumewahi kufanya hivyo? Kila familia ina mtu wake wa kupunguza.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja wa makamo, ofisa wa ustawi wa jamii kutoka huduma ya hospisi. Alikulia Lamu, akasomea bara, na kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa ambao dawa za kuponya zimewaishia. Akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwa Bibi ili Bibi na daktari watazamane wao kwa wao, yeye asiwe ukuta kati yao. "Shikamoo, Bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Kisha akaeleza masharti yake: kila litakalosemwa chumbani atalisema upande wa pili, bila kupunguza wala kuzidisha, kwa hiyo asiyetaka neno lake livuke asilitamke. Halafu akauliza swali ambalo mimi, mjukuu, sikuwa nimewahi kuuliza: "Bi mkubwa, mambo ya ugonjwa huu unataka uambiwe wewe mwenyewe, au yuko mtu ungependa aambiwe kwa niaba yako?"

Bibi akanitazama kwanza. Kisha akamgeukia yule mama. "Mwili ni wangu. Niambie mimi."

Akaambiwa. Hakulia. Alinyamaza kidogo, akasema ndiyo maana hana usono, kwa kuwa alijua, na waliomzunguka wote walikuwa wakimchezea mchezo wa kutojua. Yule mama akamfasiria daktari: moyo wake hautui, hana amani. Hakutaja usingizi hata kidogo. Nilitamani sakafu ipasuke.

Sasa utaniuliza, haya yanahusianaje na fasihi? Yanahusiana kwa sababu neno usono nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisoma chuoni, nimelipigia mstari kwa penseli, katika Utendi wa Mwana Kupona. Humo linatajwa mapema kabisa, pale mama anapomwambia binti yake kwamba kuna radhi tano ambazo kiumbe akizipata, anapata usono wa dunia na akhera. Pembeni mwa ukurasa nilikuwa nimeandika "amani, utulivu". Kwenye mtihani nikapata alama yangu. Kando ya kitanda nikafeli.

Tangu hapo nimeurudia utendi huo mara nyingi, na ninachotaka kusema leo ni hiki: tumeusoma Utendi wa Mwana Kupona kana kwamba mwandishi wake alikuwa mwalimu amesimama mbele ya darasa. Hakuwa amesimama. Alikuwa mgonjwa, amelala.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, yule sheikh wa Siyu aliyejulikana kwa kupinga utawala wa Zanzibar. Mumewe alifariki, na utendi ukatungwa mwaka 1858. Kiasi cha miaka miwili baadaye mtunzi mwenyewe akafariki. Kwenye beti za mwanzo anasema wazi kwamba maradhi yamemshika na mwaka umetimia, na muda wote huo hajapata nafasi ya kumwambia binti yake neno la maana. Anamwita asogee, aketi, aje na wino na karatasi, maana moyoni ana jambo. Ukiisoma sehemu hiyo kwa haraka unaiona ni dibaji tu, kilango cha kupitia kuelekea "mawaidha yenyewe". Mimi pia nilipita hivyo. Leo naona ndiyo nyumba yenyewe. Kuna mgonjwa wa muda mrefu, kuna mwaka wa kimya, kuna mtu anaitwa akae karibu na kalamu. Ukiwahi kukaa na mtu anayeondoka, unaijua saa hiyo. Huja ghafla, mara nyingi usiku, na isipokutana na mtu aliye tayari kusikia, hupita.

Mawaidha hayo yamejadiliwa sana. Wapo waliouchukulia utendi kama kitabu cha adabu za mke mwema, na kwa miaka mingi wakawapa wasichana waukariri. Wapo waliouona kama minyororo iliyotiwa vina. Wapo pia, kama Ann Biersteker, waliohoji usomaji wa juujuu na kutuonyesha kwamba maneno ya utii yanaweza kubeba kejeli ndani yake. Nawaheshimu wote. Ila kambi zote hizi zinaanzia swali moja: utendi huu unamwambia mke afanye nini kwa mume? Na swali hilo halikutoka hewani. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa kichwa kinachosema kwamba ni wosia wa Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Kwa kichwa hicho, mama anayekufa na kuzungumza na mwanawe akageuka mtaalamu wa ndoa. Waliusaidia sana utendi huo kufika mbali, sikatai. Lakini katika kichwa hicho walifanya nilichofanya mimi kwa Bibi: walisikia usono, wakaandika usingizi.

Hebu turudi kwenye zile beti zinazotuudhi, za kumhudumia mume. Binti anaambiwa mume akilala asimpigie kelele, akae karibu naye, ampapase, asikose mtu wa kumpepea. Anaambiwa habari za kumnyoa na kumfukiza udi. Anaambiwa amtunze kama mtoto ambaye hajajua kusema. Miaka yote nilisoma hayo nikikunja uso. Mwanaume mzima, sheikh wa mji, atunzwe kama mtoto asiyejua kusema?

Kisha nikawa na Bibi wiki sita. Tulimpepea, maana joto la Mombasa halina huruma kwa mgonjwa. Tulimpapasa miguu. Akilala tulinong'ona, akiamka tulihakikisha jicho lake la kwanza linakutana na uso wa mtu. Tulimfukizia udi chumbani kwa sababu ugonjwa una harufu na yeye alikuwa mtu wa kujipenda. Siku za mwisho alikuwa, kwa hakika, kama mtoto asiyejua kusema: ilibidi tumsome kwa kunyanyuka kwa nyusi, kwa kukunja vidole. Siku moja nikiwa nimeshika kipepeo, beti zile zikanirudia kichwani zote, moja baada ya nyingine, na sikuziona tena kama kanuni za ndoa. Nikamsikia mwanamke aliyemuuguza mtu.

Na kumbuka, utendi wenyewe una kitanda cha pili. Mwana Kupona anasimulia jinsi alivyoishi na baba wa binti yake kwa furaha, na kwamba faradhi ilipofika, mume alimkariria radhi, akamshukuru. Radhi! Neno lile lile la zile radhi tano. Maneno aliyoyapokea kando ya kitanda cha mumewe ndiyo anayoyajengea utendi wote akiwa kwenye kitanda chake mwenyewe. Pwani kwetu hakuna mtu anayetaka kuondoka bila radhi, yake kuitoa na ya wenzake kuipata. Ni deni ambalo likibaki linamlemea aliyekwenda na aliyebaki.

Sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Usomaji wangu hauufuti utii. Mwana Kupona anasema pia kwamba siku ya kiyama mke atasubiri hiari ya mumewe, aende peponi au motoni, na beti hizo siwezi kuzifanya kuwa za uuguzi hata nikizikunja vipi. Zipo, na zinauma. Ninachosema ni kwamba mama huyu anasema mambo mawili kwa lugha moja: moja ni sheria ya zama zake, jingine ni ujuzi wa mikono yake. Tumeifasiri sheria mara mia. Mikono tumeiacha.

Yule mama wa hospisi aliniambia jambo siku moja tukinywa chai kwenye korido. Alisema watu wanadhani mwenye lugha mbili kazi yake ni kuvusha maneno, lakini maneno ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ni kujua nani anasubiri nini. Alikuwa akitoka kwa mgonjwa mmoja akienda kwa mwingine, huku akizungumza na familia inayoogopa mofini. Watu wengi wanaamini ukipewa mofini ndiyo umeandikiwa kifo. Ikambidi aeleze, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwamba ile dawa ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi kupiga hodi. Pamoja na hayo, kuna nauli ya kliniki, kuna karatasi za kiwanja, kuna mtoto wa mwisho atakayebaki na nani. Yote hayo yanasemwa kwa lugha moja ofisini na nyingine chumbani, na yakipotea njiani hakuna dawa ya kuyatibu.

Nilikuja kugundua kwamba kazi hii yote, hospisi kama tunavyoijua leo, ilianzia mahali kama hapo. Cicely Saunders alipokutana na David Tasma jijini London hakuwa daktari bado. Alikuwa nesi aliyegeuka ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Tasma alikuwa Myahudi kutoka Poland, mkimbizi, hana jamaa pale, anakufa kwa saratani katika lugha isiyo ya mama yake. Walizungumza kwa wiki nyingi. Alipofariki mwaka 1948 alimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders angeijenga. Nyumba ikafunguliwa mwaka 1967, St Christopher's, na dirisha lipo. Saunders ndiye aliyetufundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Kwetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Napenda kukumbuka kwamba kabla ya majengo hayo yote kulikuwa na viti viwili, na mazungumzo kati ya mtu anayekufa ugenini na ofisa wa ustawi aliyekuwa na muda wa kusikia.

Hata jina tulilolipa jambo hili kwa Kiswahili lina mafunzo. Tanzania wanaiita tiba shufaa. Wengi wakilisikia mara ya kwanza hudhani ni shifaa, yaani uponyaji, na wanafurahi. Herufi moja tu. Shufaa ni uombezi: mtu kusimama kwa ajili ya mwingine, kumsemea pale ambapo yeye hawezi kujisemea. Sijui ni nani aliyeketi akachagua neno hilo, ila alikuwa na sikio zuri. Shifaa ikishindikana, shufaa inabaki.

Lakini kumsemea mtu kuna hatari yake, na hapa ndipo nilipopata somo langu la mwisho la uhakiki.

Bibi alikuwa na mdogo wake kule Pate. Hawakusemezana miaka mingi, kisa ni shamba la minazi na maneno yaliyotupwa msibani. Alikuwa ameahirisha jambo hilo "mpaka nipone", na aliliahirisha kwa sababu mimi nilimficha kwamba hakuna kupona. Alipoambiwa ukweli, la kwanza alilomwomba yule mama ni kumpata mdogo wake. Ilichukua siku nne. Namba ilikuwa imebadilika, mara mtandao hakuna, mara mwenye simu yuko baharini. Siku simu iliposhika, Bibi alikuwa ameshapoteza sauti. Tukaiweka simu sikioni mwake. Mdogo mtu akalia, akaomba radhi, akatoa radhi, akataja majina ya wazee wao mmoja mmoja. Bibi akafungua macho. Midomo ikacheza. Kikatoka kitu, pumzi yenye umbo la neno, na hakuna aliyelishika.

Simuni sauti ikauliza: "Asemaje? Amesema nini?"

Nilikuwa na jibu tayari ulimini. Ningesema, amesema amekusamehe. Nani angenilaumu? Yule mama akaniwekea mkono begani, akaichukua simu. "Bi mkubwa, amesema neno lakini sikulisikia, sitalitungia. Nakwambia nilichokiona. Ulipotaja jina la mama yenu alifungua macho, na mpaka sasa ameushika mkono wangu hajauachia."

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha yule bibi mdogo akasema, "Basi, yatosha."

Bibi alifariki siku mbili baadaye, alfajiri.

Nimewahi kusoma riwaya nyingi zenye wakalimani, na nyingi huwafanya mabomba: maneno yanaingia huku yanatokea kule. Abdulrazak Gurnah ni mmoja wa wachache waliokataa. Katika By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika Uingereza akijifanya hajui Kiingereza, na anapotafutwa mtu wa kumkalimania, anayepatikana ni Latif Mahmud, mtoto wa mwenye jina ambalo mzee amelibeba kwenye pasi yake. Mkalimani amo ndani ya kisa hata kabla hajaitwa. Gurnah anaelewa kwamba hakuna anayesimama katikati akiwa mtupu. Mimi nilisimama katikati ya Bibi na daktari nikiwa nimebeba hofu yangu. Werner na Hichens walisimama wakiwa wamebeba zama zao. Yule mama naye alibeba yake, bila shaka. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kanuni ya kumlinda mgonjwa dhidi ya mzigo wa mkalimani: uliza zaidi ya inavyozoeleka, halafu usiongeze hata neno.

Na ndiyo maana usomaji wangu mwenyewe unanitia wasiwasi. Nimesema zile beti za kupepea na kupapasa ni ujuzi wa mwuguzaji. Je, nimelisikia hilo kwa Mwana Kupona, au nimemtia kinywani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kipepeo mkononi? Mwana Kupona hakusema popote kwamba alimuuguza mumewe. Amesema tu kwamba alikuwapo radhi ilipotolewa. Kwa hiyo nifuate kanuni, niseme nilichokiona: kuna mgonjwa wa mwaka mzima, kuna mjane, kuna orodha ya mambo ambayo mikono hufanya kwa mwili uliochoka, kuna mtu mzima anayefananishwa na mtoto asiye na usemi, na mwishoni kuna dua ndefu ambayo ndani yake mama anawakabidhi kwa Mungu wale anaowaacha. Hivyo vipo kwenye karatasi. Nilichokisikia katikati yake ni changu, na unaweza kunikatalia.

Jambo moja tu nina hakika nalo, nalo ni dogo. Wino na karatasi vililetwa. Binti aliitwa akaja, na tunayo maneno ya mama yake hadi leo. Mimi Bibi aliniita mara nyingi wiki zile za mwanzo, "njoo ukae", nami nikawa na haraka ya kumwambia apumzike, asichoke kwa kusema. Nilidhani namhurumia. Kitabu changu cha chuoni bado ninacho. Pembeni mwa neno usono, chini ya maandishi ya penseli, nimeongeza kwa kalamu tarehe ya siku ile daktari alipouliza usiku unakwendaje.